Tupeane uzoefu: tamthilia ya Korea iliwabadilisha Wajapani kweli?

Kaskazi: Wakuu, kila ile tamthilia ya Korea Kusini, Winter Sonata, ikitajwa, watu husema ndiyo iliyowafanya Wajapani waipende Korea Kusini. Wanaolijua jambo hili mwageni hapa.

Mwanamkasi: Ilikwenda kwa hatua. KBS, runinga ya taifa ya Korea Kusini, iliionyesha 2002. NHK, runinga ya taifa ya Japani, ikaiweka kwenye setilaiti 2003, halafu Aprili 2004 ikaihamishia chaneli ya kawaida, Jumamosi usiku, ikiwa imeingiziwa sauti za Kijapani. Akina mama wa makamo wakaifuata kwa wingi. Mwisho wa mwaka ikarudi na sauti za Kikorea na maandishi chini, maana mashabiki walishaanza kujifunza lugha. Wengine wakapanda ndege hadi kisiwa cha Nami, Korea Kusini, ilikopigwa picha. Hiyo nauli ndiyo ya kuangalia. Kutazama runinga hakumgharimu mtu.

Mtimba: Umeruka Kombe la Dunia 2002, ambalo Japani na Korea Kusini waliliandaa pamoja. Kazi ilianzia pale.

Mwanamkasi: Mpira ulidumu mwezi mmoja, ndugu yangu. Tamthilia iliingia sebuleni kila wiki.

Nyuki: Naungana na dada.

Mzee Hesabu: Nyote mnakwepa 2012. Serikali ya Japani huuliza wananchi kama wanahisi ukaribu na Korea Kusini. 2011 waliokubali walikuwa 62.2%. Agosti 2012 Rais Lee Myung-bak wa Korea Kusini akakanyaga visiwa vya Dokdo, ambavyo Japani inavidai kwa jina la Takeshima. Hojaji ya mwaka huohuo ikaonyesha 39.2%! Mastaa walikuwa walewale, nyimbo zilezile. Mtu anaweza kumpenda msanii na kuikasirikia serikali yake siku hiyohiyo, kwa hiyo swali moja la jumla halitoshi. Uliza kuhusu watu wake, kazi zao za sanaa na serikali yao, kila kimoja peke yake. Na msilinganishe namba za kabla ya 2020 na za baadaye bila tahadhari: usaili wa ana kwa ana uliachwa, hojaji zikatumwa kwa posta.

Mtimba: Basi tamthilia haina kazi.

Mwanamkasi: Ina kazi! Gawa majibu kwa umri na jinsia kwanza. Vijana na wanawake husema ndiyo zaidi ya wanaume wazee.

Bahari: Achaneni na hojaji, hesabuni wasafiri.

Mzee Hesabu: Wasafiri nao hufuata viza na thamani ya yeni, mkuu. Angalieni na upande wa pili: serikali ya Korea Kusini ilizuia burudani ya Japani hadi Rais Kim Dae-jung alipoanza kufungua mlango 1998, awamu kwa awamu. Awamu ya 2004 iliruhusu tamthilia za Japani kwenye kebo na setilaiti tu.