Filamu fupi ya jitu la msituni: tulionyeshe au tulifiche? Naombeni ushauri

Mwana_Shume:
Wakuu, heshima kwenu. Mimi na vijana wenzangu huku Lushoto tumejipanga kurekodi filamu fupi ya kutisha, dakika ishirini hivi, kuhusu jitu linaloishi msituni. Vifaa ni simu moja yenye kamera nzuri, taa mbili za sola na maiki ya kuazima. Fundi cherehani wa hapa ametushonea vazi la magunia na nyuzi za mkonge. Mchana linachekesha, usiku kwa mwanga wa tochi linatisha kiasi.

Ugomvi uko hapa: wenzangu wanataka jitu lionekane tangu mwanzo. Wanasema mtazamaji wa kibanda umiza asipoliona atadai hela yake. Mimi nasita. Mliozoea filamu za namna hii, nitazame zipi kwanza, na ingekuwa nyie mngefanyaje?

PopoWaChumbageni:
Magunia na mkonge, mmenimaliza! 😂

Vazi hilo lifungie ndani mpaka dakika za mwisho, mkuu. Tafuta The Legend of Boggy Creek ya 1972. Charles B. Pierce alikuwa mtu wa matangazo ya biashara, si wa Hollywood. Alikwenda Fouke, kijiji cha Arkansas huko Marekani ambako watu walisimulia habari za jitu la manyoya linalotoka kwenye vinamasi, akawaweka wanakijiji wenyewe mbele ya kamera. Jitu unaliona kwa mbali tu, linapita nyuma ya miti. Bajeti ilikuwa kama dola 160,000, ikaingiza mamilioni. Kinachoibeba ni zile sura za watu wa kawaida wanaoongea kama wanavyoongea nyumbani. Na wewe hapo Lushoto wazee wa kusimulia huwakosi.

Mama_Zuu:
Mimi nawaunga mkono wenzake. Hiyo ya Boggy Creek nilisinzia. Tazameni Trollhunter ya Norway, ya 2010, ya André Øvredal. Majitu yanaonekana wazi, makubwa kama milima, na bado unaogopa, kwa sababu kila kitu kimepewa maelezo: mwanga mkali unayageuza jiwe, na daktari wa mifugo anakueleza kabisa sababu ni vitamini D. Nguzo za umeme za milimani nazo zinageuka kuwa uzio wa kuyazuia yasitoke! Hapo ndipo pa kuiba ujanja. Shume, hukohuko kwenu Lushoto, kulikuwa na waya wa Wajerumani wa kushushia magogo ya mierezi hadi Mkumbara. Jiulizeni, pamoja na magogo, kuna kitu gani kingine kilikuwa kinashushwa?

Mwana_Shume:
Mama Zuu, hapo umeniua. Hiyo ya waya tunaichukua.

Fundi_Sauti:
Mnabishana kuhusu vazi wakati tatizo lenu litakuwa maiki. Angalia Willow Creek ya 2013. Wapenzi wawili wamekaa ndani ya hema usiku, kamera haisogei kwa zaidi ya robo saa, na wewe unasikiliza tu: vijiti, kishindo, sauti ya mtu analia kwa mbali. Gharama yake ni hema na uvumilivu wa waigizaji.

Na nyie mna mali ambayo wale hawana: perere. Kinyama chenyewe kama sungura, lakini kikianza kulia juu ya mti usiku, mgeni anaweza kuapa kuna mtu anachinjwa. Mrekodi, punguza kasi ya sauti kidogo, jitu lenu hilo. Usiweke muziki juu yake, tafadhali. Filamu zetu nyingi zinaharibika hapo, kinanda kinapigwa hata mtu akifungua mlango.

Arap_Kapsabet:
Salamu kutoka Kenya. Sisi kwa Wanandi tuna chemosit: nusu mtu nusu ndege, mguu mmoja, anatembelea fimbo kama mkuki, na mdomo wake mwekundu unawaka usiku kama taa. Huimba ili watoto wadhani kuna ngoma huko gizani, wakienda analiwa mtu. Kwa hiyo kwangu mimi, mwonyesheni nuru tu kwa mbali na wimbo. Magunia muuzie mtu wa viazi.

PopoWaChumbageni:
Mfano wa mwisho. Eduardo Sánchez ni mmoja wa waongozaji wawili wa The Blair Witch Project ya 1999. Mchawi huoni hata ukucha, na ikaingiza karibu dola milioni 250. Mwaka 2014 huyohuyo akatoa Exists, na Bigfoot, lile jitu la manyoya la misitu ya Marekani, anaonekana waziwazi. Uliza mtaani kama kuna anayeijua.

Mama_Zuu:
Ile ya kwanza ilibebwa na uvumi kwamba vijana wanaoonekana mle walipotea kweli. Leo nani atakuamini? Watu watakutafuta Facebook.

Fundi_Sauti:
Kabla hamjaenda: kibali cha Bodi ya Filamu, na kama ni ndani ya hifadhi ya Magamba, waoneni TFS, wakala wa misitu. Wajulisheni na wanakijiji. Mtu kavaa magunia usiku msituni, mwenye panga hatauliza kama ni filamu.

Mwana_Shume:
Nimewaelewa wakuu. Wazee wasimulie mwanzoni, katikati sauti tu, jitu lionekane mara moja mwishoni, kwenye mabaki ya waya. Wenzangu wamekubali kwa shingo upande. Fundi, huyo perere anarekodiwa vipi na simu asisikike kama redio mbovu?

Fundi_Sauti:
Njoo inboksi.