Puto juu ya Kaze: gumzo la ukoo, Jumamosi usiku

Shangazi Mwajuma: Assalaam aleykum wana ukoo. Hapa Isevya, Tabora, umeme umekatika, nimekaa nje na mbu wangu. Nichangamsheni. Nani anasoma nini? Siasa sitaki, mpira sitaki.

Doto: Shikamoo shangazi. Mimi niko kwa Mchina, Liu Cixin. Ile hadithi ya sayari yenye jua tatu.

Shangazi Mwajuma: Marahaba baba. Jua tatu? Hili moja la Oktoba si linatutosha?

Doto: Ndiyo kisa chenyewe hicho. Jua tatu zinavutana, hakuna anayejua kesho litachomoza lipi wala litakaa muda gani. Likija joto la kuunguza, watu wa kule wanajitoa maji yote mwilini, wanakunjwa, wanawekwa ghalani. Hali ikitulia wanarowekwa, wanaamka, maisha yanaendelea.

Baba Kulwa: Michembe. Viazi vikavu hivyo.

Doto: 😂😂😂 Baba umemaliza

Ramla (Ujiji): Mjomba jamani 😂 michembe inayojenga ustaarabu

Doto: Ila msidhani ni vichekesho. Kinaanza China, wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni. Profesa wa fizikia anapigwa hadharani mpaka anakufa, binti yake yuko pale pale anaangalia. Mambo yote yanayokuja kutoka angani yanaanzia kwenye hasira ya huyo binti. Kiingereza chake kilitoka 2014, mwaka uliofuata kikachukua tuzo ya Hugo, ile ya hadithi za kisayansi. Fizikia nyingine naruka, sitawadanganya.

Kulwa: Unaruka fizikia kwenye kitabu cha fizikia. Sawa.

Doto: Na wewe unaruka maelezo ya mandhari kwenye riwaya. Tuheshimiane.

Ramla (Ujiji): Mimi nimemaliza "Binti" ya Nnedi Okorafor. Chembamba, unakimaliza usiku mmoja. Msichana Mhimba, bingwa wa hesabu, wa kwanza kwao kuitwa chuo kikuu kilichoko sayari nyingine. Ndugu zake hawataki. Anaondoka watu wamelala.

Shangazi Mwajuma: Bila kuaga?

Ramla (Ujiji): Bila kuaga mama.

Shangazi Mwajuma: Ndiyo maana siku zile ulikuwa hupokei simu. Nilidhani unaumwa, kumbe unajifunza kutoroka.

Ramla (Ujiji): Mama mimi nina miaka thelathini na watoto wawili 🙏 Kilichonishika ni ule udongo. Anajipaka otjize, udongo mwekundu na mafuta, kama wanavyofanya Wahimba wa Namibia. Sasa yuko ndani ya chombo, na chombo chenyewe ni kiumbe hai, huko nje ni giza tupu, na kikopo cha udongo kinapungua. Akiisha kujipaka wa mwisho hapati mwingine wa kwao. Nilikuwa nasoma huku nahesabu na mimi. Halafu kuna viumbe kama kiwavi bahari vinaingia mle chomboni na

Kulwa: SIMAMA HAPO. Sijakisoma.

Ramla (Ujiji): Nimesimama.

Shangazi Mwajuma: Mimi nimerudia Kusadikika ya Shaaban Robert. Mnavyosema angani angani, mzee yule alishaitundika nchi nzima hewani mwaka 1951. Gagarin, mtu wa kwanza kwenda angani, hajaruka bado.

Doto: Shangazi hiyo si ya mtihani?

Shangazi Mwajuma: Mliharibiwa na "eleza dhamira tano". Hebu isome bila kalamu mkononi. Wajumbe sita wanatumwa, pande nne za dunia, mbinguni na ardhini, wakatafute mambo mema ya wenzao. Kila anayerudi na jema, gerezani. Na anayetoa habari zao mahakamani ni Karama, naye anashtakiwa kwa kutaka kufundisha watu uanasheria. Kama hizo si safari za sayari, basi niambieni ni nini.

Baba Kulwa: Dada ana hoja. Mimi kuna Mkenya mmoja tulilala naye foleni mpakani, akaniachia "Walenisi" ya Katama Mkangi, ya 1995. Jamaa anaitwa Dzombo, amehukumiwa kufa. Adhabu yenyewe, anafungiwa ndani ya chombo, anarushwa angani akafie huko. Yeye anakaa kwenye usukani, anabonyeza hiki, anavuta kile, mpaka anakijulia. Mimi dereva. Pale niliweka kitabu chini nikashangilia peke yangu ndani ya lori.

Kulwa: Baba 😂❤️

Mwalimu Salum: Nawasoma tu. Mmekwenda sayari za mbali, mmekwenda Ujiji, mmekwenda mpakani. Hakuna hata mmoja aliyesema kwamba hadithi za namna hii zilishatua hapa hapa Tabora mwaka 1863.

Doto: Shikamoo baba mkubwa. Tumeanza 🍿

Mwalimu Salum: Marahaba. Jules Verne, Mfaransa. Riwaya yake ya kwanza kutoka ndiyo hiyo, "Wiki tano ndani ya puto". Waingereza watatu, Daktari Fergusson, rafiki yake Kennedy na mtumishi Joe, wanapaa kutoka Zanzibar Aprili 1862, wanavuka bara kwenda magharibi mpaka Senegali. Kituo chao kikubwa cha kwanza ni Kaze. Kaze ndiyo Tabora hii. Sura ya 15 yote ni sisi.

Shangazi Mwajuma: Sisi kivipi kaka?

Mwalimu Salum: Puto linashuka juu ya soko. Watu wanatimka, halafu waganga wanatoka mbele na kutangaza kwamba mwezi umeshuka na wale ni wana wa mwezi. Fergusson anapelekwa ikulu kumtibu sultani anayekufa kwa pombe. Joe huku nje anaabudiwa, anawachezea ngoma, anawaambia mwezini tunacheza hivi. Jioni mwezi wenyewe unachomoza, mwekundu, mzima. Miezi miwili mbinguni! Watu wanagundua wametapeliwa, wanachukua silaha, wazungu wanakimbilia kamba.

Kulwa: Baba mkubwa, na wewe unakipenda hicho kitabu?

Mwalimu Salum: Nimekisoma tangu nikiwa mwanafunzi.

Kulwa: Sijauliza hivyo.

Ramla (Ujiji): 👀

Kulwa: Niulize kitu. Mwaka 1862 wanaume wa huku walikuwa wanatembea mpaka Bagamoyo na meno ya tembo mabegani, wanarudi na vitambaa na shanga. Wameona bahari, wameona majahazi na meli za Wazungu. Msiri katoka huku huku Unyamwezi kaenda kutawala Katanga. Burton na Speke, wale wasafiri Waingereza, walishafika Kaze tangu Novemba 1857, wakakaa kwa mfanyabiashara Mwarabu, Snay bin Amir. Speke akarudi tena na Grant 1861. Yaani mji wa misafara, Mzungu wameshamzoea, halafu waone kikapu kina watu watatu wanaoonekana kabisa wamevaa suruali, waseme ni mwezi?

Baba Kulwa: Huyu mtoto ada yake nalipa bila kinyongo.

Mwalimu Salum: Kulwa, hapo sina ubishi. Verne hakufika huku. Alikaa Ufaransa na vitabu vya hao hao kina Burton, akachukua mji kutoka kwao na kejeli akaongeza za kwake. Lakini soma anavyoeleza nyumba. Anazitaja tembe, na bustani zake: vitunguu, viazi, maboga, na uyoga ambao anausifia ladha.

Shangazi Mwajuma: Kwenye uyoga kasema kweli.

Ramla (Ujiji): Mama umeshamsamehe 😂

Shangazi Mwajuma: Sijamsamehe. Nimesema uyoga.

Doto: Baba mkubwa mimi nataka kujua puto lenyewe. Linashukaje na kupanda bila kuishiwa gesi?

Mwalimu Salum: Hapo ndipo aliponinasa mimi. Puto la kawaida, ukitaka kushuka unaachia gesi, ukitaka kupanda unatupa mifuko ya mchanga. Vyote vikiisha, safari imeisha. Verne akasema hapana, gesi ibaki ile ile, tuipashe moto. Haidrojeni ikipata joto inatanuka, puto linapanda. Ikipoa inasinyaa, linashuka. Moto wenyewe anautoa kwenye maji, anayatenganisha kwa betri kupata gesi ya kuwasha. Anapanda na kushuka mpaka apate upepo unaoelekea anakotaka.

Doto: Haidrojeni na moto? Kwenye kikapu kimoja?

Mwalimu Salum: Ndiyo.

Doto: Wasingefika hata Morogoro 💥

Ramla (Ujiji): Mjomba na Ujiji wanapita?

Mwalimu Salum: Hawapiti. Kutoka Kaze wanakata kaskazini, Ziwa Viktoria, kisha wanaufuata Mto Naili. Verne alitaka kuonyesha chanzo cha Naili, ndilo lilikuwa gumzo la Ulaya wakati ule.

Ramla (Ujiji): Tumenyimwa hata puto. Sisi tuliambulia Stanley tu 1871, alipokuja kumtafuta Livingstone.

Kulwa: Mna bahati. Angalau Stanley aliulizia mtu kwa heshima.

Shangazi Mwajuma: Subirini, mama ananipokonya simu.

Bibi (kwa simu ya Mwajuma): 🎤 0:47

Doto: Kwa walio kwenye daladala, bibi anasema: amesikia tukisoma kwa sauti, na anauliza huyo mganga aliyesema ni mwezi aliishia wapi, maana uongo ulipotoka lazima watu walimtafuta.

Mwalimu Salum: Mama, shikamoo. Kuna mganga mmoja alipanda mti kuikamata kamba ya nanga. Nanga ikang'oka, ikamnasa, puto likapaa naye. Joe akawa anacheka. Wakamshusha mbele huko, nje ya mji, akatimua mbio.

Bibi (kwa simu ya Mwajuma): 🎤 0:22

Doto: Anasema: basi huyo ndiye aliyepanda puto, na mnanisomea habari za hao wengine. Alirudi nyumbani akasema nini?

Kulwa: 🔥🔥 BIBI

Kulwa: Verne anamwacha pale pale. Mistari michache, kwisha. Hana hata jina.

Baba Kulwa: Mtu amepaa juu ya Tabora 1862, ameona paa la nyumba yake kwa juu, anarudi kwa miguu, mkewe anamwuliza ulikuwa wapi.

Ramla (Ujiji): Na hakuna atakayemwamini 😂😂

Doto: Kulwa andika hiyo.

Kulwa: Nimeshafungua ukurasa. Msinisemeshe mpaka kesho.

Shangazi Mwajuma: Simu nimeirudisha. Mama anataka asomewe hiyo sura yote, kesho baada ya adhuhuri, waje na wajukuu. Kaka utaleta kitabu?

Mwalimu Salum: Kitabu hakitoki nyumbani. Cha mwisho kilichotoka kilikwenda Urambo. Doto, nikikupigia picha za kurasa, unaweza kuzichapa hapo dukani kwako?

Doto: Naweza. Kurasa ngapi?

Mwalimu Salum: Sura ya 15 tu. Weka herufi kubwa.

Doto: Si kitabu ni cha Kiingereza? Bibi atasomaje?

Mwalimu Salum: Nitamtafsiria mimi. Herufi kubwa ni za kwangu.