Nissan Figaro kwa barabara zetu: ninunue au niache?

Nesi wa Mbale

Salaam wakuu. Kuna Nissan Figaro ya 1991 inauzwa Kampala, ile rangi ya samawati iliyopauka, viti vyeupe, paa la turubai la kukunja. Mwenye nalo anahama nchi. Nimeenda kuliona, nikaliwasha, likaitika mara moja. Gari hili nalipenda tangu niko sekondari, picha yake ilikuwa ndani ya mlango wa sanduku langu la bweni.

Naishi Mbale, nafanya kazi hospitalini na zamu za usiku zipo. Lami inafika karibu na nyumbani, kipande cha mwisho ni udongo mwekundu. Kaka yangu ananiambia chukua Vitz utulie. Vitz siitaki. Walio na magari madogo ya sura ya zamani naomba mniambie ukweli: raha yake iko wapi, yanauma wapi, na nikirudi kulikagua nianze na nini?

Wakala wa Malaba

Dada, jambo moja kabla ya mengine. Tangu sheria ya usalama barabarani ilipofanyiwa marekebisho 2018, gari lililotimiza miaka 15 tangu litengenezwe haliruhusiwi kuingizwa Uganda. Figaro zote ni za 1991, kwa hiyo zilizopo nchini ni zile zilizoingia zamani, na hutaagiza nyingine Japani hii ikikushinda. Soma namba ya chasisi kwenye gari lenyewe, inaanza na FK10, ilinganishe na logibuku (kadi ya umiliki) herufi kwa herufi. Namba ya injini vilevile. Zikipishana, usitoe hata senti ya kushikia.

Mzee wa Walukuba

Nesi, mwanangu, karibu. Mimi ninayo Figaro ya kijani hapa Jinja na siiuzi. Nitakuandikia kirefu kwa sababu majibu mengi utakayopewa kuhusu gari hili yatakuwa ni ya injini, na injini siyo inayoyaua.

Sura ni ya miaka ya 50, lakini ukifungua boneti unakutana na Nissan March ya zamani, ile K10. Injini ni ya cc 987 yenye turbo, gia ni otomatiki ya hatua tatu. Nissan walilionyesha Tokyo 1989, wakalitengeneza kwa mwaka mmoja tu, jumla kama magari 20,000. Wajapani waliyagombania hadi wanunuzi wakapatikana kwa bahati nasibu. Rangi zilikuwa nne, moja kwa kila msimu wa mwaka wao. Hilo lako, kwa maelezo yako, ni lile wanaloliita Pale Aqua.

Sasa, plagi, filta, mkanda wa taimingi, bushi, hivyo vyote fundi mwenye akili atavipata au atavilinganisha na vya gari jingine pale Kisekka, soko la vipuri Kampala. Hata rejeta wanakuundia. Mwambie tu asikuwekee maji ya bomba. Kichwa cha injini ni alumini, maji matupu yanakila ndani kwa ndani, gari likichemka siku moja kwenye foleni gasketi inaondoka, na pengine kichwa kinapinda. Cha kulipozea ni maji ya rejeta yale ya rangi (coolant), basi. Na kwa kuwa lina turbo, oili ibadilishwe mapema, na ukifika safari usizime papo hapo, liache lingurume kidogo turbo ipoe.

Kinachoua Figaro ni maji ya mvua. Paa ni turubai, pembeni limeshikwa na raba ndefu, na zile raba zina zaidi ya miaka 30. Maji yana mifereji yake ya kushukia. Mifereji ikiziba kwa majani na vumbi letu, maji yanatafuta njia nyingine, yanaingia chini ya zulia na kwenye vizingiti vya milango, na huko hakuna jua. Nje linang'aa, ndani linaoza.

Kwa hiyo ukienda, usianze na boneti. Beba jagi la maji, tochi, na sumaku ndogo uliyoifunga kitambaa. Paa likiwa limefungwa, mimina maji taratibu kwenye kingo zake karibu na kioo cha nyuma, halafu chutama uangalie chini. Yakidondoka ardhini, vizuri. Yasipotoka popote, yamebaki ndani. Kisha inua zulia nyuma ya kiti cha dereva, weka kiganja kwenye sakafu, ubonyeze kwa dole gumba. Chuma kizima hakikuitikii. Kilicholiwa kinatoa sauti ya mkwaruzo, na unga wa kahawia unabaki kidoleni. Nusa pia. Harufu ya nguo zilizokaa na unyevu haifichiki kwa manukato ya kuning'iniza kwenye kioo.

Halafu pitisha sumaku kwenye kizingiti chote chini ya mlango na kwenye matao ya magurudumu ya nyuma. Mahali isiponata, hapo pana puti, udongo wa kuzibia mashimo, chini ya rangi. Mimi nilinunua langu likiwa zima, lakini jirani yangu alipeleka gari lake gereji moja (silitaji) wakamchomelea bati juu ya kutu bila kukata iliyooza, wakapaka rangi, wakachukua pesa. Mvua za Machi hadi Mei zilipokwisha bati lote lilikuwa limebanduka. Kutu hukatwa mpaka ufike kwenye chuma safi. Katwe, Kampala, wapo mafundi wa kukunja bati kwa mkono wanaoweza kukurudishia kizingiti kizima, ila simama pale uwaone wakikata.

La pili ni vitu ambavyo vipo kwa Figaro peke yake: taa za nyuma, vioo vya pembeni vya krome, bampa, vishikio vya milango, redio ile ya vitufe, raba za paa. March haina hivyo. Vinaagizwa nje, hasa Uingereza, maana Waingereza waliyanunua mengi na wao huendesha upande wetu. Bei yake inauma na usafiri unauma tena. Kampala boda akipenya kwenye jemu akakukwangulia kioo cha Vitz, unakipata jioni hiyohiyo. Cha Figaro utasubiri wiki kadhaa huku unaendesha na kioo kimoja. Kwa hiyo hesabu kila kipande cha krome kabla ya kutaja bei. Kinachokosekana kiondoe kwenye bei.

Umeuliza raha. Mwanangu, raha ipo, na watu wanaosema "ni sura tu" hawajawahi kuliendesha. Mitaa ya Jinja ni mipana, tambarare, ina miti. Saa kumi na mbili jioni nafungua paa kwa mkono, hakuna mota wala kitufe, unafungua vishikizo, unalikunja, unalilaza nyuma chini ya kifuniko chake. Halafu naenda polepole hadi mtoni. Usukani ni mwembamba. Swichi za ndani zinabofya kwa sauti safi, dashibodi ni nyeupe. Nikipita Namawojjolo, lile soko la njiani barabara ya Kampala, paa likiwa wazi, wale vijana wa kuku wa kuchoma hawahangaiki na dirisha, mijiti inashuka kutoka juu, kuku kulia, gonja (ndizi za kuchoma) kushoto, na wote wanataka kujua limetengenezwa wapi. Hakuna anayenipigia honi kwa hasira. Wazee wenzangu wanasimama kunisimulia magari ya baba zao.

Ila usiliegeshe chini ya mti wenye kalooli, wale korongo wakubwa wa jalalani! Mjini Kampala wako kila mahali, kinyesi chao kinakula rangi, na kikiangukia kwenye turubai doa halitoki.

Nesi wa Mbale

Mzee, asante sana, nimekwisha nunua tochi. Maswali mawili. Matairi nimeona ni madogo mno, yatanifaa barabara ya Tirinyi, ile ya Iganga hadi Mbale? Na AC haifanyi kazi, mwenye gari anasema "ni gesi tu".

Mzee wa Walukuba

Matairi ni 165/70 ya rimu 12. Madukani si ya kawaida, mengi ya rimu 12 utakayoonyeshwa ni yale ya 145 ya Suzuki Carry, membamba na magumu, yametengenezewa mizigo. Yatazunguka, lakini kwenye mvua sitakushauri. Ukipata duka lenye saizi yako nunua matano. Tirinyi utapita, shimo lenyewe ndilo la kuogopa, maana gurudumu dogo linazama lote. Na ukielekea Kampala, baada ya Iganga, kwenye malori yanayotoka mpakani Malaba, usiovateki kwa matumaini. Ukifika kilomita 90 kwa saa gia zimeisha, injini inapiga kelele, nguvu iliyobaki ni kidogo.

"Ni gesi tu" usiikubali. Mwaka 1991 AC zilijazwa R12, gesi iliyopigwa marufuku kwa kuharibu ozoni. Fundi atakubadilishia mfumo utumie R134a, na hapo ni raba za maungio, oili ya kompresa na kupima uvujaji. Kata hiyo kwenye bei.

Lapin ya Ntinda

Mimi ninaendesha Suzuki Lapin, ya boksi boksi, cc 660, nayo ina sura ya kizamani. Dada, kama zamu za usiku ni nyingi na hili ndilo litakuwa gari lako pekee, fikiria Lapin ya 2015 kuja juu. Umri bado unaruhusu kuagiza, ina mito ya hewa na mafuta inakula kidogo. Siwezi kusema inapendwa barabarani kama Figaro. Lakini saa nane usiku mvua ikinyesha, nawasha naenda.

Mzee wa Walukuba

Lapin anasema kweli kuhusu usiku, na hata mimi nina pikipiki ya akiba. Kama utalinunua, panga kabisa siku ambazo halitatoka, na tafuta mahali pa kuliegesha penye bati juu, nyumbani na hospitalini. Hospitalini kukikosekana paa, mimi nisingelinunua, hata likiwa zima.

Ukishalikagua weka picha hapa. Za mbele tumeshaziona, tuwekee za chini ya zulia na za vizingiti, kwa mwanga wa mchana. Mwenye gari akikataa usiinue zulia, rudi Mbale.