Mgahawa unaruhusiwa kisheria kuwatenga wateja wenye watoto wadogo?

LisheMafiati: Habari wanajamvi. Naomba mwongozo. Mgahawa uko Mafiati, Mbeya: viti 36 ukumbi wa mbele, viti 16 chumba cha nyuma kinachopakana na jiko. Watu wa maofisini wanaokuja mchana wanalalamikia kelele za watoto. Nataka kila mwenye mtoto chini ya miaka 6 akae nyuma. Kaunta ya bia iko ukumbi wa mbele. Sheria inaniruhusu?

Wakili_Sokomatola: Mkuu, sheria haikupangii meza, ila usifurahi mapema. Katiba ya 1977, ibara ya 13(5), inataja kabila, rangi, dini, jinsia, hali ya maisha na mengine, lakini umri haumo. Wengi huishia hapo wakadhani wamesalimika. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 5, inakataza mtu yeyote kumbagua mtoto, na humo umri umetajwa. Afisa ustawi wa jamii akija ataangalia mtoto amepunjwa nini. Ukimlazimisha mzazi kukaa kwenye chumba chenye moshi, tena chakula kikachelewa, umejifunga mwenyewe. Ukiwa na upande wa familia wenye bei ile ile na chakula kile kile, na mzazi akachagua mwenyewe, sioni kesi.

Kijana_Kalobe: Kwa hiyo mwenye mgahawa hana kauli? Mbona Uingereza watoto wanakataliwa kweupe?

Wakili_Sokomatola: Uingereza ni kweli. Sheria yao ya usawa ya 2010 inamlinda mteja dhidi ya ubaguzi wa umri kuanzia miaka 18 tu. Korea Kusini nako, tume yao ya haki za binadamu ilisema mwaka 2017 kwamba mgahawa uliokataa watoto ulibagua. Kila nchi na sheria yake. Huyu atapimwa kwa ya kwetu. Na kauli anayo: meza yoyote inayosumbua wengine anaweza kuionya, hata kuitoa, awe mtoto anayekimbia kati ya viti au mzee anayefoka kwenye simu. Kanuni ifuate tabia na iwahusu wote.

Meneja_Gangilonga: Mmeiruka kaunta ya bia, na ndiyo hatari kubwa zaidi. Sheria ya Mtoto inamtaka mwenye baa ahakikishe mtoto haingii baa. Hapo kutenganisha ni wajibu wako. Jenga ukuta, baa iwe na mlango wake, na usome leseni ya vileo uone inataja eneo lipi. Familia zisipite kaunta kwenda mezani wala chooni.

Halafu hicho chumba cha nyuma hakifai watoto kabisa. Mlango wa jiko ndiko yanakopita mabakuli ya supu, mabirika ya chai na majagi ya maji ya moto ya kunawa. Mhudumu ameshika sinia kwa mikono miwili, hamwoni mtoto wa miaka miwili aliye usawa wa goti lake. Na baridi ya Juni na Julai isikutie kishawishi cha kuweka jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa: hewa yake ya sumu haina harufu, na inaua.

Geuza mpango. Familia zibaki mbele, mbali na baa, na chumba cha nyuma kiite "Chumba cha Utulivu" kwa wanaotaka kula kimya. Saa sita na nusu hadi saa nane kiwe cha kuweka nafasi kwa simu, maana viti 16 vinajaa haraka.

LisheMafiati: Hilo la kugeuza sikuliwaza, asante sana. Wahudumu waseme nini mlangoni?

Meneja_Gangilonga: Wamuulize kila mteja, mwenye mtoto na asiye naye: "Karibuni. Tuna ukumbi mkubwa na chumba cha utulivu, mngependa wapi?" Wasimtazame mtoto kwanza. Mama anayenyonyesha asihamishwe. Anayesukuma kiti cha magurudumu aachiwe njia ya sentimita 90. Chakula cha mtoto kitangulie. Wali maharage upo tayari, usisubiri chipsi za meza nzima. Mtoto mwenye njaa akikaa nusu saa bila sahani, kelele lazima, na hapo kosa ni la jiko lako.

Wakili_Sokomatola: Na ukiweka bango la "Watoto hawaruhusiwi", liwe mlango wa baa peke yake.