Meruem na Netero: Mfalme alikuwa anasoma mchezo au anavumilia kipigo tu?

FundiSimu_Chikongola

Wadau, habari za usiku. Kama hujafika kwenye pambano la Meruem, Mfalme wa sisimizi, na Netero, mzee mwenyekiti wa chama cha wawindaji, kwenye anime ya Hunter × Hunter ile ya 2011, ishia hapa, nisije nikakuharibia.

Mimi ni fundi simu hapa Mtwara mjini. Jioni kazi zikipungua huwa tunakaa watu watatu tunaangalia anime kwenye laptop ya dukani. Juzi tumemaliza sehemu ya 126, na tangu siku hiyo mimi na mwenzangu hatuelewani. Yeye anasema Meruem hana akili yoyote ya vita pale. Kazaliwa na mwili ambao mikono mia ya ile sanamu anayopigania yule mzee haiwezi kuupasua, akapigwa mara elfu na ushee, mwisho akamfikia. "Hata mimi nikipewa mwili ule nashinda," ndiyo kauli yake kila siku.

Mimi moyoni naona kuna kitu zaidi ya mwili, maana Mfalme anapigana kama mtu aliyekaa mbele ya ubao wa gungi, ule mchezo wa ubao wa humo kwenye anime. Lakini nikiambiwa nionyeshe ni wapi hasa alipotumia akili, nabaki natafuta maneno. Naombeni mnisaidie. Ule mguu na ule mkono wa Netero aliupata kwa hesabu au kwa ubavu? Na kama ni hesabu, mbona bomu la kifuani mwa mzee hakuliona?

KijanaWaMchinga

Mwenzako ana hoja. Mpe Meruem mwili wa Gon, yule mtoto mhusika mkuu, halafu tuone kama atafika pigo la tatu. Mimi akili ya vita naihesabu pale dhaifu anapomlaza mwenye nguvu, kama kwenye Naruto Shikamaru alivyompeleka Hidan msituni akamfukia. Huku ni mwenye nguvu kamshinda mzee wa zaidi ya miaka mia. Sioni cha kuchambua.

KeteYaKomwe

Ndugu fundi, nimesoma swali lako nikaacha chakula. Pambano lile nimeliangalia kwa jicho la bao, na kwa kweli bila bao nisingelielewa.

Nimekulia Mikindani. Mjomba wangu, kaka yake mama, alianza kunifundisha bao la Kiswahili nikiwa darasa la tano: ubao wa mkongo, mashimo 32, kete 64 za komwe zilizokwisha kung'aa kwa jasho la mikono ya watu. Msimu mmoja wa korosho nilifungwa mfululizo. Zimeanza kudondoka mwezi wa kumi nafungwa, minada inaisha bado nafungwa. Lakini katika kufungwa kule nilikuja kugundua kitu kimoja. Kila nilipoitishia nyumba yake, lile shimo kuu la kete, mjomba hakuwa anaisambaza mapema kama wazee wengine. Alikuwa anatakata, yaani anasambaza bila kula, kwanza kwenda kulia, hata kama kulia hakuna faida. Mkono wake ulishazoea hivyo. Siku nilipoacha kuangalia kete na kuanza kuuangalia ule mkono, ndiyo siku ya kwanza nilimfikisha hatua ya mtaji, pale kete za mkononi zinapokwisha, akiwa ametoka jasho.

Sasa rudi kwa Meruem. Pigo la Netero linaanza na kufumba viganja, sala. Toka ana miaka 46 alikwenda mlimani akapiga ngumi 10,000 kila siku, na kila ngumi aliitanguliza kwa sala. Siku ya kwanza ilimchukua zaidi ya saa 18. Alipopita umri wa miaka hamsini idadi ile ile anaimaliza ndani ya saa moja. Kwa hiyo ile sala ni ya haraka kuliko mguu wa Mfalme. Hakuna kukwepa. Meruem akalijua hilo mapema sana, na hapo ndipo akili ilipoanza: aliacha kukwepa, akaanza kununua.

Kila akirushwa anarudi, kila akirudi anapigwa, na kila pigo linamwachia habari moja: mkono huu umekuja baada ya ule, nikija kutokea huku ananijibu hivi. Mitindo ya Netero ni mingi kupita kiasi, lakini anayeitumia ni mtu mmoja, na mtu ana mkono aliouzoea. Meruem alikuwa anautafuta huo. Kijana wa Mchinga, nakubaliana nawe kwamba mwili ulimpa muda. Ila muda peke yake hauchezi. Mimi msimu mzima nilikuwa na muda, na wenzangu niliokuwa nacheza nao pale chini ya mwembe walikuwa na muda huo huo, wakabaki wanafungwa na mjomba mpaka leo.

Halafu kuna jambo ambalo watu wanaliruka. Kumbuka pambano lilivyoanza. Meruem alikaa chini, akasema hana sababu ya kupigana, anataka wazungumze. Netero akamwambia: jina lako nalijua, ukinifanya nikiri kushindwa nitakutajia. Kuanzia hapo Mfalme anatakiwa ashinde bila kuua! Maiti haikiri kushindwa. Ndiyo maana akachukua mguu wa kushoto, halafu mkono, badala ya kichwa. Huyo anapigana huku amejifunga kamba moja mwenyewe, dhidi ya mtu anayepiga kwa nguvu zote, na bado anasonga. Fundi, mwonyeshe mwenzako hapo. Mwenye ubavu tu angemponda mzee akamaliza.

Na hapo hapo pana jibu la bomu. Kwenye bao, ukiwa na cha kula lazima ule, kanuni haikupi hiari. Mchezaji mzuri anakuwekea kete tatu mdomoni, unazila, kumbe amekuchagulia kichwa, shimo la pembeni, utakachoanzia kusambaza na shimo utakaloishia. Lile jina lilikuwa zile kete tatu. Ndani ya kifua cha Netero lipo lile bomu liitwalo Waridi, limefungwa kwenye moyo. Moyo ukisimama linalipuka. Akimuua, linalipuka. Akimwacha hai, mzee anajichoma moyo mwenyewe, na ndicho alichofanya. Meruem alicheza vizuri kabisa ndani ya njia ambayo ncha zote mbili zilikuwa za mwenzake.

Kinachoniuma ni kwamba alishaonywa. Mkumbuke Komugi, yule binti asiyeona, bingwa wa gungi. Kuna siku Meruem alimchezea mpango alioamini hauna jibu. Komugi akamjibu papo hapo, kwa sababu mpango ule aliubuni yeye mwenyewe miaka ya nyuma, akagundua dawa yake, akauzika. Yaani njia uliyoifungua leo ukashangilia, mwenzako alishapita humo akatoka. Kutoka kwa Komugi Meruem alijifunza kusoma mtu, na somo hilo alilibeba mpaka jangwani. Hili la njia iliyokwisha kupitwa alilisahau.

MwalimuNewala

Nimefurahi kukuta mada hii. Kwanza sahihisho dogo kwa KeteYaKomwe: mguu aliotoa ni wa kulia, mkono ndiyo wa kushoto. Nalisema kwa sababu mkono wa kushoto una historia. Meruem alipotaka kumtikisa Komugi kwa dau, alimdai mkono wa kushoto. Binti akasema yeye dau lake ni uhai. Mfalme akaona aibu, akaung'oa wake mwenyewe, wa kushoto. Halafu ndiyo huo anakwenda kuuchukua kwa Netero. Mimi siamini kwamba mwandishi aliuweka pale kwa bahati.

La pili, kuhusu bomu nakupinga. Nafundisha hesabu, na siwezi kumwambia mwanafunzi hana akili kwa swali ambalo kitabu chake hakikuwa nalo. Meruem ametoka tumboni juzi juzi. Amesoma vitabu vya ikulu, ameshinda mabingwa wa michezo ya ubao, lakini silaha ya bei rahisi ambayo binadamu wanaificha kifuani mwa mzee wao, hiyo angeijulia wapi? Huwezi kumlaumu mchezaji kwa kete ambayo haikuwahi kuwekwa mezani.

Kosa lake ninaloliona mimi lilikuwa wazi, na lilitokea kabla ya bomu. Baada ya kuuchukua mkono aliamini sala imekwisha: viganja viwili ndiyo sala, kimoja si sala. Netero akaweka kiganja kimoja mbele ya kifua, akasali, na nyuma ya Meruem ikatokea ile sanamu ikamkumbatia, pigo la Sifuri. Hapo Mfalme alikuwa amehesabu mikono sawasawa na bado jibu likawa kosa, kwa sababu hakujua sala ni kitu gani. Ile ndiyo dakika ya kusimama na kujiuliza: kuna nini kingine kwa mzee huyu ambacho nakihesabu bila kukijua? Akavumilia pigo, akaona limepita, akaendelea kujiona mshindi.

KeteYaKomwe

Mwalimu, mguu wa kulia, nimerudi kuangalia, ni kweli, samahani. Na hilo la sala ya kiganja kimoja umeniweka sawa. Nilikuwa nalipita kila mara kwa sababu macho yangu yanakimbilia mlipuko.

Leo jioni nimempelekea mjomba simu. Miaka yake imeshapita sabini na macho yamechoka, kwa hiyo nilikaa naye barazani nikamshikia karibu na uso. Alikuwa na komwe moja mkononi, ana tabia ya kuizungusha kwa dole gumba kila anapofikiri. Nikamweleza kwa kifupi, huyu ni mfalme, huyu mzee ni kiongozi wa wawindaji, wanapigana kwa sababu ya jina. Mjomba akaangalia kimya. Mguu ukatoka, komwe inazunguka. Mkono ukatoka, komwe ikasimama.

"Rudisha," akasema. Nikarudisha. "Tena." Nikarudisha tena.

Nikadhani hajaona vizuri, nikaongeza mwanga. Akanisukuma mkono. "Naona. Huyu babu kaliwa mara mbili na hajaangalia palipoliwa. Mtu akiliwa huwa anaangalia shimo lake, hata kama ni kwa pembe ya jicho. Huyu anamtazama mwenzake tu." Kisha akaniuliza huyo kijana, yaani Meruem, alikuwa anatazama wapi wakati huo. Nikachelewesha picha nikaangalia. Macho yake yalikuwa kwenye ule mkono alioutoa, huku anaeleza jinsi alivyoupata.

Kwa hiyo mwalimu, bomu sawa, halikuwa mezani. Lakini uso ulikuwa mezani muda wote.

KijanaWaMchinga

Hili la kutakiwa kushinda bila kuua nilikuwa sijaliwaza kabisa. Nafuta nusu ya maneno yangu. Nusu nyingine nabaki nayo: angekuwa na mwili wa kawaida asingepata nafasi ya kujifunza hata hiyo tabia ya mkono. Ila nakubali kwamba alichonunua kwa mwili ule kilikuwa ni akili.

FundiSimu_Chikongola

Shikamoo mwalimu. Kaka KeteYaKomwe, asante sana, na mjomba umfikishie salamu zangu.

Leo nimefunga duka saa mbili, tukairudia na mwenzangu tangu pale Meruem anapokaa chini. Nilimwambia asiangalie mapigo, aangalie Mfalme anarudi kutokea upande gani kila akirushwa. Mwanzoni alikuwa anabisha, baadaye akaacha kubisha akawa anahesabu kwa sauti. Tulipofika kwenye mguu akaniomba nirudishe, kama mjomba. Hajasema nimeshinda. Alichosema ni kwamba Mfalme hakurudi kutokea upande uleule mara mbili kwa bahati mbaya.

Na baada ya Waridi tuliendelea mpaka sehemu ya 135, sumu imeshamwingia, naye anarudi kwa Komugi kucheza gungi mpaka mwisho, hamfungi hata mara moja. Nilikuwa nimeshaiona, lakini safari hii sikuweza kuongea.

Jumapili duka halifunguliwi mchana. Kama mjomba ana nafasi, tunapanda gari ya Mikindani wawili. Mimi bao nalijua kwa kuangalia tu, sijawahi kushika kete.

KeteYaKomwe

Njooni baada ya swala ya alasiri. Atakuwekea nyumba yenye kete sita kama kawaida na ishirini na mbili mkononi. Mwambie mwenzako akae upande wa kushoto wa mjomba, hapo ndipo mkono unaonekana vizuri.