Mpwa wangu wa miaka 14 anataka hadithi za ajabu, mama yake anaogopa uchawi: tumpe vitabu gani?

Mjomba wa Dodoma anauliza:

Ndugu wasomaji, habari za jioni. Nina mpwa wangu wa kike mwenye umri wa miaka 14, yuko kidato cha pili, na tangu alipoazimwa na rafiki yake riwaya moja nene ya Kiingereza yenye majoka na mapanga, hashikiki. Aliimaliza kwa siku nne, akairudia, kisha akaanza kuniandikia ujumbe kila Jumamosi akiuliza kama nimempatia nyingine ya namna hiyo. Mimi ni mhasibu, na ninachosoma zaidi ni magazeti na hadithi za upelelezi, kwa hiyo katika uwanja huu ni mgeni kabisa.

Matatizo yangu ni mawili. La kwanza ni kwamba dada yangu, mama wa binti huyu, aliliona jalada la kitabu chenyewe, lenye mzee wa ndevu nyeupe na fimbo inayotoa moto, akakifungia kabatini pamoja na vyombo vya wageni, akasema kwamba hakuna mtoto wake atakayejifunza uchawi nyumbani kwake. Dada yangu si mkorofi, na mimi sina nia ya kumpelekea binti vitabu kwa kificho, maana siku vikigunduliwa nitakuwa nimewapoteza wote wawili. La pili ni kauli ya binti mwenyewe, ambayo kwa kweli ilinichoma zaidi. Alisema kwamba vitabu vya Kiswahili ni vya mtihani tu: vina dhamira, vina wahusika, vina tamathali za usemi, lakini havina safari.

Naomba mnisaidie, lakini msinipe orodha ndefu. Afadhali vitabu viwili au vitatu ambavyo mmevisoma wenyewe, na mniambie kilichowavutia ni nini.

Mwanapwani anajibu:

Mjomba, anza na kitabu ambacho huenda wewe mwenyewe ulikisoma shuleni ukakisahau, yaani *Adili na Nduguze* cha Shaaban Robert, kilichochapishwa mwaka 1952. Kisahau kama kitabu cha mtihani, ukitazame kama hadithi. Mjumbe wa mfalme anatumwa kufuatilia kodi iliyochelewa kufika. Anapokewa kwa heshima zote na Adili, mtawala wa mji, mtu mpole ambaye kila raia anamsifu kwa haki yake. Na usiku mjumbe huyo anamwona mwenyeji wake akiwachapa mijeledi manyani wawili, kwa amri ambayo hawezi kuivunja hata usiku mmoja. Sehemu kubwa ya kitabu ni jibu la swali ambalo mpwa wako atalitoa bila kuulizwa na mwalimu yeyote: kwa nini mtu mwema kiasi hiki anafanya jambo hili? Ndani yake kuna majini, kuna safari za baharini, na kuna mji ambao watu wake wamegeuka mawe.

Kiini cha hadithi kinatokana na mojawapo ya hekaya za *Alfu Lela Ulela*, ambamo wanyama wenyewe ni mbwa, lakini Shaaban Robert aliwageuza manyani na kuipa hadithi nzima sauti yake. Nakushauri msikisome kimyakimya. Sentensi zake zilitungwa kwa ajili ya sikio, na dada yako akikaa pembeni akisikiliza, atatambua kwamba haya ndiyo mambo ambayo bibi zetu walikuwa wakitusimulia, ila yameandikwa.

Cha pili ni cha Kiingereza, lakini ni cha kwetu: *The House of Rust*, riwaya ya mwaka 2021 ya Khadija Abdalla Bajaber wa Mombasa. Aisha ni msichana wa Kihadhrami ambaye baba yake, mvuvi, anapotelea baharini, naye anatoka kwenda kumtafuta kwa mashua ya mifupa, akiandamana na paka anayesema. Mimi nimekulia Mji wa Kale, na tangu utotoni nimewaona paka wakikaa ukutani alasiri kuwasubiri wavuvi, wakiwa na sura za wazee wa baraza wanaojua mengi na kusema machache. Nilipofika kwa paka wa Aisha nilicheka peke yangu, kwa sababu namfahamu. Kitabu hiki ndicho kilichokuwa cha kwanza kupata tuzo ya Ursula K. Le Guin, mwaka 2022. Nikuonye tu kwamba Kiingereza chake ni kizito, karibu na ushairi, na kwa umri wa miaka 14 huenda kikamshinda katikati. Kama kitamshinda, akiweke. Atakirudia akiwa na miaka 17.

Mwalimu wa Iringa anajibu:

Mwanapwani amelitaja jina la Le Guin, nami nitaanzia hapohapo. Kabla ya kitabu, hata hivyo, nizungumzie hofu ya dada yako, kwa sababu wazazi wa wanafunzi wangu wanayo na sidhani kwamba ni ya kubezwa. Kiingereza kina maneno mengi ya watu wenye nguvu za ajabu, na sisi tunayatia yote katika kapu moja la "mchawi". Sasa, katika Kiswahili mchawi hana jema hata moja: ni mtu wa husuda, anaroga, anakwenda usiku. Tunaye mganga, tunaye mwaguzi, tuna majini wema na wabaya, lakini neno la mtu aliyesomea elimu ya siri na kuwekewa miiko ya kuitumia hatuna lililo tayari. Dada yako alipolitazama lile jalada alilisoma kwa lugha yake, na kwa lugha yake alikuwa na haki ya kulifungia.

Kwa sababu hiyo, kitabu ambacho ningemkabidhi yeye kwanza, kabla ya binti, ni *A Wizard of Earthsea* cha Ursula K. Le Guin, kilichotoka mwaka 1968. Ged ni mtoto wa kijijini, mchunga mbuzi, anayepelekwa kisiwani Roke kusomea elimu hiyo. Ana kipaji kuliko wenzake na anajua kwamba anacho. Usiku mmoja, kwa kuchokozwa na mwanafunzi aliyemzidi umri, anaamua kuita roho ya mtu aliyekufa zamani ili kuonyesha uwezo wake. Roho inakuja, lakini pamoja nayo unafunguka mwanya ambamo kinatoka kivuli kisicho na jina, kinamrukia, kinamrarua uso, na mkuu wa chuo, mzee wa watu, anakufa kwa kutumia nguvu zake zote kuufunga mwanya ule. Sehemu hiyo nimewasomea wanafunzi wangu wa kidato cha tatu kwa kuitafsiri papo kwa papo, na kengele ya mapumziko ilipolia hakuna aliyenyanyuka. Kurasa zote zinazofuata zinahusu kijana anayekimbia kosa lake mwenyewe mpaka siku anapogeuka na kuanza kulifuata. Mzazi anayeogopa kwamba kitabu kitamfundisha mtoto kuchezea nguvu asizozijua atashangaa kukuta kwamba mwandishi anaogopa jambo hilohilo.

Kuna jambo jingine ambalo mtoto wa huku atalipenda. Dunia ya Earthsea ni ya visiwa tu, watu wanasafiri kwa tanga, na Ged ana ngozi ya rangi ya hudhurungi iliyoiva, huku rafiki yake mkubwa akiwa mweusi. Kwa miaka mingi wachora majalada walimchora kama Mzungu, na mwandishi alilalamika waziwazi.

Ombi langu la mwisho: usimwanzishie *Kusadikika* cha Shaaban Robert huyohuyo. Nakipenda sana kitabu hicho cha mwaka 1951, na wazo la nchi inayoelea angani ni zuri kuliko mengi niliyoyakuta katika fantasia za Ulaya. Ajabu ni kwamba kina safari sita ndani yake, za wajumbe waliotumwa pande nne za dunia, na mbinguni, na ardhini. Lakini zote zinasimuliwa mahakamani na Karama, mshtakiwa anayejitetea, na mtoto ambaye tayari ameinunia fasihi ya Kiswahili atazisikia hotuba tu, safari asizione.

Binti Msomaji anajibu:

Shikamooni wote. Mimi nina miaka 19, kwa hiyo pengine niko karibu na mpwa wako kuliko waliotangulia, na naomba kusema kwa heshima kwamba Mwalimu amesahau jambo moja. Katika hicho kitabu cha Ged wasichana wako wapi? Chuo cha Roke kinapokea wavulana peke yao, na kuna msemo wa wenyeji humo unaoudharau uganga wa wanawake kuwa dhaifu na muovu. Nilikisoma nikiwa na miaka 15, nikakipenda, nikakasirika, vyote kwa pamoja.

Mimi ningempa *Akata Witch* cha Nnedi Okorafor, kilichotoka mwaka 2011. Sunny ana miaka 12, amezaliwa Marekani na wazazi wa Kinaijeria, na sasa familia imerudi mjini Aba. Ana ualbino, anapenda mpira wa miguu, na kwa sababu ya jua hucheza usiku tu. Anapogundua kwamba ana asili ya jamii ya siri inayoitwa watu wa Chui, hapewi fimbo wala farasi mweupe. Anapewa vitabu vya kusoma. Katika jamii hiyo, kila unapojifunza jambo kwa kweli, vipande vya madini, ambavyo ndiyo fedha yao, vinaanguka kutoka juu, vinalia chini mbele ya miguu yako. Hupati kwa kuiba wala kwa kurithi. Niliposoma kuhusu fedha hizo nilifunga kitabu nikaitazama dari kwa muda, labda nikitumaini.

Mjomba, jina la kitabu lina neno *Witch*, yaani mchawi, ambalo mama atalikataa, hilo nalijua. Lakini katika nchi ambayo watu wenye ualbino wamewindwa na kuuawa kwa ajili ya imani za kishirikina, kitabu ambamo mtoto mwenye ualbino ndiye shujaa, na ambamo muovu ni mtu mzima anayewateka watoto ili apate nguvu, kina neno la kumwambia mama aliye na hofu kama hiyo. Mweleze hivyo kabla hajaliona jalada. *Children of Blood and Bone* cha Tomi Adeyemi, cha mwaka 2018, kitamsisimua zaidi, ila ni kirefu na kina mateso na mauaji mengi. Mimi ningesubiri mwaka mmoja au miwili.

Mwalimu wa Iringa anajibu:

Binti, marahaba. Umenishika pabaya na nimekubali. Kwa kujitetea kidogo, kitabu cha pili cha mfululizo huo, *The Tombs of Atuan* cha mwaka 1971, kinamhusu Tenar, msichana aliyechukuliwa kwao akiwa mdogo ili awe kuhani wa miungu ya gizani, na Ged humo ni mgeni anayeingia katikati ya hadithi. Na katika *Tehanu*, cha mwaka 1990, mwandishi mwenyewe alirudi kuuliza swali lako.

Mpenda Riwaya anajibu:

Nitaongeza viwili kwa haraka. Cha kwanza ni *Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, ya mwaka 2015, ya *Alice's Adventures in Wonderland* cha Lewis Carroll. Kulikuwa na tafsiri ya zamani ya mwaka 1940, *Elisi Katika Nchi ya Ajabu*, lakini hii mpya ina Kiswahili kinachocheza, na hadithi hiyo bila mchezo wa maneno haina kitu. Cha pili, akifika kidato cha nne, ni *Walenisi* cha Katama Mkangi, cha mwaka 1995: Dzombo, aliyehukumiwa kifo, anafungiwa ndani ya chombo cha angani asichojua kukiendesha, anatua katika nchi ya Walenisi. Mwache binti aligundue mwenyewe jina hilo kwa kulitamka polepole.

Mjomba wa Dodoma anajibu:

Ahsanteni sana. Nimerudi baada ya wiki tatu na nina habari za kuwapa. *Adili na Nduguze* nilikipata hapahapa mjini, na Jumapili tatu mfululizo nimekuwa nikienda kwa dada yangu baada ya chakula cha jioni na kukisoma kwa sauti. Jumapili ya kwanza dada alikuwa jikoni akiosha vyombo. Tulipofika kwenye manyani, maji yaliacha kumwagika, na sikumsikia tena mpaka nilipofunga kitabu. Ya pili alikaa nasi, akabishana na binti yake kama ile amri ya kuwachapa ilikuwa haki. Binti amekubali kwamba safari imo. Ila anasema Adili amezidi wema, na kwamba yeye angewaacha ndugu hao wakiwa manyani.

Kabati bado limefungwa. Habari za Sunny nimemsimulia dada kama Binti alivyonielekeza, akasema kwamba kitabu kikifika atakisoma yeye kwanza. Nimekiagiza kutoka Dar es Salaam. Alisi naye nimemwagiza, kwa kuwa mpwa wangu sasa ameuliza kama kipo kitabu cha Kiswahili ambamo msichana ndiye anayesafiri. Anamsubiri Alisi, lakini angependa pia mwingine aliyezaliwa huku kwetu, aongee Kiswahili tangu ukurasa wa kwanza. Mwenye kumjua na amtaje.