Eleroni zimeshuka nyuma baada ya rangi, nifunge?

MwanaUjiji:
Wakuu, habari za jioni. Nipo Kigoma, naunganisha ndege ya viti viwili, ya bati la aluminiamu. Eleroni, vile vibao vya ukingo wa nyuma wa bawa vya kuinamishia ndege, kabla ya rangi nilizining'iniza kwenye bawaba zake zikatulia mlalo. Fundi rangi wa Mwanga kapiga puti (ile pasti ya kujazia mabonde) na koti mbili za rangi, sasa ukingo wa nyuma unashuka. Jirani yangu muunda boti za dagaa anasema nizifunge tu bawani hivyohivyo, uzito wenyewe kiduchu. Mnasemaje?

FundiIpuli:
Dogo, usifunge. Mimi ni fundi wa mabati ya ndege hapa Tabora, eleroni nazipima mwisho kabisa, rangi ikishakauka. Mchawi wako ni puti. Gramu 10 zikikaa sentimita 20 nyuma ya bawaba zinadai gramu 40 za risasi, yale madini mazito ya kusawazishia, kama mbele ya bawaba una sentimita 5 tu. Kiduchu hicho?

Sikiliza inavyokwenda. Bawa likirushwa juu na upepo, eleroni nzito nyuma inachelewa, inaning'inia chini, nayo inalisukuma bawa lizidi kupanda. Likirudi, mchezo uleule kwa upande wa pili. Kila mzunguko unachota nguvu kwenye upepo. Hiyo ndiyo flata, na inaweza kung'oa bawa kabla hujagusa throto.

Kwangua puti kwanza. Risasi baadaye, kwa kipimo cha mchoro wa seti ya ndege yako, si cha kwangu. Ukipima, funga madirisha, zima feni.

Bandarini:
Mbona ile ndege ndogo ya Piper Cub eleroni zake hazina risasi? Akaze kebo za kuvutia eleroni, yaishe.

FundiIpuli:
Mkuu, Cub ni ya polepole, na aliyeichora alilijua hilo. Kebo iliyokazwa inapunguza pleyi (ulegevu wa maungio), lakini nayo inanyumbuka. Pleyi yenyewe si ya kudharau: Reno, Marekani, 2011, skrubu za tabu ya trimu, kibao kidogo cha mkiani, zililegea kwenye P-51, ndege ya kivita ya zamani iliyokuwa mashindanoni, flata ikaanza, wakafa watu 11.

MwanaUjiji:
Shikamoo mzee. Nakwangua kesho. Je, nikiruka chini ya kasi ya mwisho ya kitabu niko salama?

FundiIpuli:
Marahaba. Soma kitabu kinataja kasi ipi. Flata inafuata zaidi kasi halisi hewani, siyo ya kwenye saa ya kasi. Ukiwa mita 3,000, saa ikisoma 100, kasi halisi ni kama 116. Na Tabora tu, kabla hujaruka, uko mita 1,200 hivi. Halafu tuma picha ya bawaba, nione kama rangi imeingia humo.